Na wewe baba, unalala?

Mwanangu alipokuwa na miezi minne nilikuwa na kituko ambacho sikumwambia mtu. Nikirudi kazini jioni nasimama mbele ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe, ufunguo mkononi, nasikiliza. Mtoto akiwa analia, nasubiri. Pakiwa kimya nasubiri vilevile, maana najua kimya hicho hakikawii kukatika. Siku moja jirani alinikuta pale akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Nikamwonyesha, tukacheka, nikaingia.

Wakati ule ungeniambia kwamba naumwa ningekushangaa. Mke wangu ndiye aliyebeba mimba, ndiye aliyejifungua, ndiye aliyenyonyesha usiku kucha. Mimi nimechoshwa na nini? Kila aliyepiga simu aliuliza, "Mama na mtoto hawajambo?" nami nikajibu, "Hawajambo, tunamshukuru Mungu." Swali hilo ni zuri na sitaki mtu aache kuliuliza. Ila ukilijibu miezi minne mfululizo, wala hakuna jingine linalofuata, unaanza kujiona msemaji wa nyumba ambayo wewe mwenyewe humo.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, James Paulson na Sharnail Bazemore, walichapisha kwenye jarida la kitabibu la JAMA uchambuzi wa tafiti 43 zilizogusa watu zaidi ya 28,000. Waliona kwamba takribani baba mmoja kati ya kumi hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, tangu mkewe akiwa mjamzito hadi mtoto atimize mwaka. Kiwango kilikuwa juu zaidi mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Nilipoisoma sehemu hiyo niliirudia mara mbili. Ni miezi ambayo wageni wameshakwisha, likizo (kwa aliyebahatika kuipata) imesahaulika, na kila mtu anaamini mmeshazoea. Waligundua pia kwamba sonona ya baba na ya mama mara nyingi huandamana.

Shida ni kwamba kwa wanaume wengi ugonjwa huu hauji na machozi. Unakuja na hasira. Mimi niliwahi kugomba robo saa nzima kwa sababu ya kijiko kilichoachwa kwenye sinki, na kijiko chenyewe nilikiacha mimi. Mwingine anaanza kukawia kutoka kazini kila siku bila kazi ya maana, mwingine anazidisha pombe, mwingine anazama kwenye simu mpaka ukimwita mara tatu ndiyo anainua kichwa. Nasi tunampa majina: ana gubu, amebadilika, amekimbia majukumu. Wapo wanaostahili majina hayo, tusidanganyane. Lakini kwa baba ambaye miezi sita iliyopita hakuwa hivyo, ningeuliza kwanza kabla ya kumhukumu.

Na kuuliza kwenyewe kuna namna yake. Lipo dodoso la Edinburgh la kupima dalili za sonona, lenye maswali 10, lililotungwa mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliojifungua. Watafiti waliolijaribu kwa akina baba walipendekeza alama ya tahadhari iwe chini kuliko ile ya mama, kwa kuwa mwanaume hakiri kirahisi kwamba analia au anaogopa. Huko Uingereza, mwishoni mwa 2018, huduma ya afya ya taifa ilitangaza kuwa wenzi wa akina mama wanaotibiwa matatizo ya akili wakati wa uzazi nao watachunguzwa. Ni hatua, lakini inanikera kidogo: ili baba aulizwe hali yake, sharti mama augue kwanza.

Najua kuna mama anayesoma hapa na kusema, sisi wenyewe hatujahudumiwa vya kutosha, leo mnataka zamu ya baba? Ana haki ya kuuliza. Ninachomjibu ni kwamba baba aliyezama humwachia yeye usiku wote, nepi zote na hasira zote. Akitibiwa, kuna mtu wa pili wa kuamka saa tisa.

Mimi niliokolewa na maumivu ya kichwa. Nilikwenda kwa daktari kutafuta dawa ya kichwa, akaniuliza nalala saa ngapi. Nikamwambia, daktari, nyumbani kuna mtoto mchanga. Akatabasamu, akaandika, kisha akauliza bila kuniangalia: "Na mtoto akilala, wewe unalala?"

Nikanyamaza. Mtoto akilala mimi nilikuwa nakodolea dari macho, napiga hesabu za pesa na za magonjwa ambayo hayajamshika. Nikasema hapana. Ndipo alipoweka kalamu chini.

Nilipelekwa kwa mshauri nasaha, nikaongea wiki kadhaa. Nyumbani tuligawana usiku, kila mmoja apate saa tano za kulala bila kuguswa. Na mama mkwe, ambaye kila mtoto alipolia alikuwa akinipokonya kwa upole, "Lete, baba, huyo humwezi," mke wangu alimwomba aniachie. Nikaachwa na mtoto kwa saa mbili peke yangu, akalia dakika arobaini, kisha akalala kifuani kwangu. Sidhani kuna dozi iliyonifaa kuliko ile, ingawa wapo wanaohitaji dawa hasa na hakuna aibu kuzimeza. Na anayefikia kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto asingoje miadi. Aende hospitali siku hiyohiyo, tena asiende peke yake.

Wiki iliyopita nilimpigia rafiki yangu ambaye mtoto wake ametimiza miezi mitano. Kabla sijafungua mdomo akaanza, "Mama na mtoto hawajambo kabisa." Nikamwambia nafurahi kusikia hivyo. Na wewe, mtoto akilala, unalala?

Nilisikia televisheni, kisha sauti ya mkewe kwa mbali. "Subiri kaka," akasema, "nitoke nje kwanza."