Mgeni Rasmi wa Nini?

Kuna wanaotaka mkutano wetu ujao wa teknolojia hapa Tanga uwe na mgeni rasmi, meza kuu na ratiba iliyochapwa kabisa. Mimi nakataa.

Ule uliofanyika Chumbageni ulipangwa na waliofika. Asubuhi ubaoni kulikuwa na saa na vyumba tu. Mwenye jambo aliliandika kwenye karatasi akabandika. Utaratibu wenyewe wa zamani. Mmarekani Harrison Owen aliuanza mwaka 1985, baada ya kuhangaika kuandaa kongamano kubwa na kuona kilichowanogea watu ni mapumziko ya kahawa. Mwaka 2005 watu wa kompyuta kule Palo Alto, California, wakafanya wa kwao, BarCamp, ulio wazi kwa yeyote, maana Foo Camp, mkutano mwingine wa watu wa kompyuta, ulikuwa wa kualikwa. Sisi wala tusishangae: baraza la kahawa Ngamiani lina ratiba gani?

Mada ya akili mnemba ilikuwepo, ikajadiliwa kwa kirefu na watu wawili. Chumba kilichofurika kilikuwa cha fundi simu. Alifungua simu ya mvuvi mbele yetu, akatuonyesha mfumo wa chaji ulivyoota kutu ya kijani, akausugua taratibu kwa mswaki na spiriti. Akaeleza kwa nini simu iliyotumbukia baharini haifai kuwashwa ili kujaribu kama ni nzima: maji ya chumvi hupitisha umeme, na umeme ukipita hapo shaba huliwa upesi. Kijana mmoja anayetengeneza programu ya mauzo ya samaki akauliza wavuvi huwasha simu saa ngapi. Wengi, akajibiwa, huzifunga kwenye mfuko wa plastiki mpaka warudi pwani. Programu yake ilikuwa inategemea intaneti muda wote! Sasa niambieni, kamati gani ingemwalika fundi yule? Ingeanza kumdai wasifu na picha ya pasipoti.

Kilichotushinda ni kanuni ya miguu miwili: kama hujifunzi wala huchangii, inuka uende chumba kingine. Nani atainuka mwalimu wake wa zamani akiwa katikati ya maneno? Watu walibaki wameketi, macho kwenye simu. Nadhani msimamizi aitangaze kanuni hiyo mapema, na wakubwa wenyewe wawe wa kwanza kuhama vyumba. Wakihama wao, vijana nao watapata ruhusa.

Halafu lile swali letu: "Posho ipo?" Haikuwepo, na baadhi wakaaga mapema. Sikuwasikitikia. Ila anayetoka Pangani au Lushoto kutwa nzima ameacha kazi, na nauli ameitoa mfukoni. Huyo arudishiwe nauli. Mfadhili akipatikana, fedha zianzie hapo, kabla ya fulana na mabango.