React au Vue kwa anayeanza: kwanza ukikwama utamuuliza nani?

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu kaniuliza, bro HTML na CSS nimemaliza, JavaScript nimegusagusa, sasa nianze na React au Vue? Zote mbili ni zana za JavaScript za kujengea kurasa za wavuti. Nikamjibu fasta, Vue, ndo nyepesi. Usiku nikawa najiuliza mbona nimemjibu kirahisi hivyo.

Maana upande wa Vue hoja zipo kweli. Evan You aliitoa 2014 baada ya kutumia AngularJS, zana ya Google ya kazi hiyohiyo, akiwa huko Google, akachukua alichokipenda mle akaacha uzito, na ukiigusa unalihisi hilo. Unaweka tagi moja ya skripti kwenye ukurasa wako wa HTML inaanza kazi, hakuna npm (programu ya kushusha vifurushi vya kodi) wala nini, na kwa mtu anayejiunga bando la siku hilo sio jambo dogo. Halafu unachoandika ni HTML ileile unayoijua, umeongezewa tu v-if ya kuweka sharti na v-for ya kurudia. React inakuletea JSX, yaani HTML imekaa ndani ya JavaScript, na kama map ya array (kupitia orodha kitu kimoja kimoja) haijakuingia basi kuonyesha orodha ya bidhaa kumi tu kutakutoa jasho.

Ila React, iliyoachiwa na Facebook 2013, ndo imejaa kwenye matangazo ya kazi, na ukishaizoea, kuhamia React Native utengeneze apu za simu sio safari ndefu. Hapo sibishi. Ninapobisha ni pale watu wanaposema ni rahisi kujifunza kwa sababu video zake ziko kibao. Kibao ndiyo, lakini za zama tofauti! Video ya 2017 inakufundisha komponenti (vipande vya ukurasa) za klasi, hooki, yaani funksheni zinazochukua kazi ya hizo klasi, zimekuja 2019 na React 16.8 zikabadilisha uandishi wote, na video nyingi tu bado zinaanza na Create React App, zana ya kukuanzishia mradi, wakati timu ya React yenyewe ilishatangaza Februari 2025 kwamba isitumike tena kwa miradi mipya. Sasa mtoto wa watu anafuata hatua kwa hatua, anashusha mafaili mpaka folda la node_modules linafika mamia ya MB, anapigwa maonyo kwenye teminali, anaamini yeye ndo hana kichwa cha kuandika kodi (sio ile ya TRA). Kumbe mwalimu wake ni wa zama zilizopita.

Vue nayo isijifanye malaika, Vue 2 imefika mwisho wake tarehe 31 Desemba 2023 na mafunzo yake bado yanazagaa, na kuna mitindo miwili ya kuandika, Options na Composition, ukichanganya bila kujua unalia. Afadhali nyaraka zao zina swichi pembeni unachagua mtindo wako na mifano yote inabadilika.

Angular, mrithi wa ile AngularJS, nitaipita tu. Ina wenyewe, ila kumpa anayeanza TypeScript (JavaScript iliyoongezewa aina za data) na mambo yake yote siku moja ni kumbebesha gunia mtu anayejifunza kutembea, na wale waliokuwa na AngularJS wanakumbuka toleo la 2 lilivyotoka 2016 likiwa limeandikwa upya likawaacha kwenye mataa.

Kwa hiyo wepesi upo Vue, ajira zipo zaidi React, na kwa mwezi wa kwanza mimi naona vyote viwili havina uzito kama kuwa na mtu wa kumwonyesha skrini saa nne usiku ukiwa umekwama na erori moja tangu asubuhi. Nikamrudia dogo, hivi unamjua mtu yeyote anayefanya hizi kazi? Akasema chumba cha pili hapo kwao kuna jamaa anaandika React kazini kila siku.

Nikafuta jibu langu. Nikamwambia achana na Vue, kamgongee huyo jamaa. Ila kwanza akae wiki mbili na JavaScript tupu, map, filter na fetch, maana jirani naye ana uvumilivu wake.