Jina la tatu ni la babu, si la ukoo

Magazeti ya Ulaya na Marekani yanapomwandika Rais wa Tanzania humwita "Rais Hassan". Huku kwetu hakuna amwitaye hivyo. Ni Rais Samia, au Mama Samia. Suluhu ni baba yake na Hassan ni babu yake. Mhariri wa London ameshika neno la mwisho akidhani ameshika ukoo, kumbe amemtaja babu mtu.

Kosa hilohilo limo katika fomu zetu wenyewe. Kisanduku cha tatu huandikwa "jina la ukoo", na mtu wa Ngamiani, Tanga, au wa Bagamoyo mjini hujaza jina la babu kwa sababu ndilo la tatu alilo nalo. Hapo ndipo inapochipuka rai ambayo haiishi kurudi: kila mtu achague jina moja, aligandishe, wanawe na wajukuu zake walibebe, na mnyororo wa mtu, baba na babu uachwe. Rai hii ina watetezi wenye akili, na wasikilizwe kwanza.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba mnyororo hufuta nyayo. Chukua mtu wa mfano, Ali Hamisi Juma. Mwanawe ni Salim Ali Hamisi, mjukuu ni Omari Salim Ali, kitukuu ni Juma Omari Salim. Kufikia kitukuu, neno Ali limekwisha toka kwenye kitambulisho. Binamu wawili, Omari Salim Ali na Bakari Hassan Ali, bado wanakutana kwenye jina la babu yao. Watoto wao, Juma Omari na Rashidi Bakari, hawana hata herufi ya kuwaunganisha kwenye karatasi. Shamba la minazi la babu mkuu likiingia mgogoro, mahakama inaletewa majina ambayo hayafanani kabisa. Hoja ya pili ni ya safari: mtoto anaposafiri na mama yake, afisa wa nchi nyingine huona majina mawili ya mwisho yasiyolingana na kuanza kuuliza maswali. Ya tatu ni ya biashara. Duka lililoanzishwa na babu hubaki na jina ambalo wajukuu hawalibebi tena, na mteja hajui kama mali imeuzwa au imerithiwa.

Yote hayo ni kweli. Tatizo liko kwenye dawa.

Tuseme sheria inapita kesho: kila mtu agandishe jina lake la mwisho. Katika nyumba moja ya barabara ya kumi, Ngamiani, anakaa mzee Ali Hamisi Juma, mwanawe Salim Ali Hamisi, na mjukuu Omari Salim Ali. Mzee atagandia Juma, mwanawe atagandia Hamisi, mjukuu atagandia Ali. Nyumba moja, damu moja, koo tatu. Ukitaka wote wawe Juma, lazima wawili wabadilishiwe hati zote kuanzia cheti cha kuzaliwa, na kaka za mzee walioko Pangani na Muheza nao wakubaliane na Juma huyohuyo, si na jina la babu wa upande mwingine wanayempenda zaidi. Nani ataitisha kikao hicho, na nani atalipa nauli?

Na hata wakikubaliana, wamepata nini? Majina ya babu zetu wa mwambao yanatoka kwenye kapu dogo. Tuseme kapu la mtaa lina majina 40 ya kiume: Juma, Ali, Salim, Mohamed, Hamisi, Rajabu, Bakari na wenzao. Majina matatu yanayotoka kwenye kapu hilo, kila moja likiruhusiwa kujirudia, hutoa michanganyiko 64,000. Ukigandisha la tatu, idadi hiyo haiongezeki hata kwa mtu mmoja, kwa sababu la tatu bado limetoka kwenye kapu lilelile. Kilichobadilika ni maana. Jana, "Juma" mwishoni ilisema: babu yangu aliitwa Juma. Kesho itasema: mimi ni wa ukoo wa Juma, pamoja na maelfu ya watu ambao babu zao waliitwa Juma kwa sababu tu walizaliwa Ijumaa. Tutakuwa tumetengeneza koo 40 za watu wasiojuana, kisha tuwaambie maafisa wa mikopo na makarani wa mahakama waziamini. Nyayo iliyofutika ina afadhali kuliko nyayo ya uongo, maana iliyofutika inamlazimisha mtu aulize.

Hapa ndipo watetezi wa ukoo huwanyooshea kidole watu wa milimani, na wana haki. Ukipanda Lushoto au ukizunguka Korogwe na Handeni, unakutana na majina ya She- na Se-: kiambishi kinachomtaja baba au mwenye kitu, kilichoshikana na jina lake na kurithiwa. Majina hayo ni mengi na tofauti, kwa hiyo mtu akisema She-fulani, mzee wa kule anajua aanzie kijiji gani. Kilindi nayo ni jina lenye mizizi hiyo: ni ukoo wa watawala wa Usambara waliokaa Vugha, waliotokana na Mbegha, mwindaji anayesimuliwa kuwa alitoka Ngulu, na tangu 2002 ni jina la wilaya iliyomegwa kutoka Handeni. Lakini majina haya yalikua yenyewe. Hayakugawiwa na karani. (Na binti anayeandikwa She-fulani hajageuka kuwa baba wa mtu, naye kavishwa jina la mzee wake, na hakuna anayecheka.)

Hata mnyororo wa pwani hujigandisha wenyewe pale familia inapoona haja. Ali Hassan Mwinyi alikuwa na jina la mtu, la baba na la tatu. Kwa desturi, mwanawe angeishia Hussein Ali Hassan. Leo Rais wa Zanzibar ni Hussein Ali Mwinyi, na Mwinyi, neno ambalo kwa asili ni cheo cha mwenye mji, limekuwa ukoo mbele ya macho yetu. Kikwete, aliyezaliwa Msoga ilipokuwa Wilaya ya Bagamoyo, ni vilevile: Jakaya Mrisho Kikwete, kisha Ridhiwani Jakaya Kikwete. Jina huganda likishapata kazi ya kufanya.

Wafanyabiashara wa Kihindi walilijua hili mapema. Karimjee alikuwa mtu, mwana wa Jivanjee. Kampuni ikaitwa kwa majina ya wote wawili, na baadaye "Karimjee" likawa ukoo, ukumbi wa Dar es Salaam na, kwa miaka mingi, shule ya Tanga ambayo leo inaitwa Usagara. Tazama jina kamili la aliyekuwa spika wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika: Abdulkarim Yusufali Alibhai Karimjee. Huo ni mnyororo mtupu wa mtu, baba, babu na baba wa babu. Tofauti ni kwamba kiungo cha mwisho kilifungwa kufuli. Anayedhani ukoo ni kitu cha aina nyingine kabisa na mnyororo asome tena jina hilo taratibu.

Bagamoyo ina mfano wa kinyume. Sewa Haji, tajiri wa misafara aliyefariki 1897 na kuacha hospitali na shule, jina lake la familia lilikuwa Paroo. Nani anamwita Paroo? Jengo lake Bagamoyo na wodi zenye jina lake katika hospitali ya Muhimbili ni "Sewahaji", neno moja: mtu na baba yake. Wala hajapungukiwa na heshima, na kila Haji wa Bagamoyo anajua kwamba hajawa jamaa yake kwa hilo. Galanos, mkulima wa mkonge wa Kigiriki ambaye shule ya Tanga ina jina lake, ndiye aliyekuwa na jina la ukoo kwa maana ile ya fomu. Kwa mwanafunzi wa Tanga jina hilo sasa linamaanisha shule, basi.

Jambo jingine husahaulika, nalo ni la wanawake. Katika mnyororo, Mwanaidi binti Salim hubaki binti Salim akiolewa, akiachika, akifiwa na akiolewa tena. Hati zake hazibadiliki, na siku ya mirathi ya baba yake jina lake lenyewe ni ushahidi. Desturi ya ukoo mmoja kwa nyumba nzima, kama inavyoigwa, humtaka achukue jina la mume, na kila ndoa humfungulia safari mpya ya ofisi. Yule afisa wa uwanja wa ndege anatulizwa kwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, chenye majina ya wazazi wote wawili. Karatasi moja.

Kwenye mirathi nako, kinachosaidia si kufanana kwa majina. Mahakama ya Mwanzo huuliza cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa. Waliohudhuria kikao hicho, pwani, huenda wasifanane jina hata wawili, na bado ni ukoo. Udhaifu uko kwenye muhtasari unaoandikwa "ndugu wa marehemu" bila kueleza. Uandikwe: "Juma Omari Salim, mtoto wa Omari Salim Ali, ambaye ni mtoto wa Salim Ali Hamisi, ndugu wa marehemu kwa baba." Sentensi hiyo hufanya kazi ambayo jina la ukoo la kubuni haliwezi.

Biashara inahitaji uangalifu wa aina yake. Anayekwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwenye mfumo wa mtandao akitaka kusajili "Salim Mohamed" peke yake atakuta limeshachukuliwa, au linafanana mno na lililopo, kwa sababu usajili wa majina ya biashara ni wa Tanzania Bara nzima, si wa Tanga tu. Kugandisha ukoo kungeongeza foleni hiyo. Njia ni kuongeza kazi na mahali: jina, kisha vifaa vya ujenzi, kisha Makorora. Tena, usajili wa jina la biashara chini ya Sura ya 213 ya sheria za nchi haumpi mtu umiliki wa jina dhidi ya kila mwenzake. Anayetaka ulinzi huo asajili alama ya biashara chini ya Sura ya 326, ambayo hudumu miaka 7 mwanzoni, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Wajukuu wanaotaka duka libaki na jina la babu wanaweza kuliweka hapo, bila kugusa vitambulisho vyao.

Kinachowatesa watu wa mwambao hasa ni tahajia na idadi ya majina. Mtu huyohuyo ni Hamisi kwenye cheti cha shule, Hamis NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) na Khamis benki. Shuleni ana majina mawili, kwenye TIN, namba ya mlipakodi, matatu. Athumani akawa Othman, Mohamed akaongezewa m ya pili. Kasoro ndogo ya herufi hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili, kikitaja tahajia zote na kusema ni za mtu mmoja. Kubadili jina lenyewe huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Kiapo peke yake mara nyingi hurudishwa. Anza na cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kisha NIDA, kisha TRA, mamlaka ya mapato, benki iwe ya mwisho. Ukianzia benki utarudi kuanza upya, kwa sababu benki husoma NIDA.

Utambulisho wenyewe tayari umebebwa na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Hiyo ndiyo inayotenganisha Juma Omari Salim wa Mabawa na mwenzake wa Chumbageni. Kisanduku cha tatu cha fomu kinahitaji marekebisho ya neno moja tu: pale palipoandikwa "ukoo", paandikwe "babu, au ukoo kwa walio nao".