Fidla ya Mjomba Pen

Anayeniuliza aanzie wapi kusikiliza bluegrass, muziki wa nyuzi wa mashambani Marekani, simpeleki kwenye zile banjo za kasi. Namwambia atafute Bill Monroe's Uncle Pen, albamu ya mwaka 1972 ya Bill Monroe, mwasisi wa muziki huo, na aisikilize bila haraka.

Pendleton Vandiver alikuwa mjomba wake Monroe, kaka wa mama yake, mpiga fidla wa dansi za vijijini huko Rosine, jimbo la Kentucky, Marekani. Monroe alifiwa na mama akiwa na miaka 10. Mwaka 1928 baba naye akafariki, na kijana akaja kuishi kwa mjomba. Pen alipoitwa kupiga kwenye dansi, mpwa alikuwa ubavuni akimshikia mapigo. Mjomba alifariki 1932, na hakuna santuri hata moja yenye fidla yake.

Kwa hiyo vipande vyake vya fidla vilikaa kichwani mwa mpwa kwa karibu miaka 40, hadi albamu hii. Si kazi ndogo. Havina maneno, hakuna ubeti wa kukukumbusha kinachofuata. Kuna sehemu ya kwanza, inarudiwa. Kuna ya pili, inarudiwa. Kisha mnaanza upya. Monroe alishika mandolini, fidla akampa Kenny Baker, mtu aliyewahi kuchimba makaa ya mawe hukohuko Kentucky. Sikiliza “Jenny Lynn”. Baker anavuta upinde mrefu, noti zinatoka laini bila mkwaruzo, na bado mguu unajua pa kukanyaga. Unaweza kusema ni laini mno kwa muziki wa kijijini. Mimi naona ulaini huo ndio unaoacha kila noti ya Pen isikike. Aliyezoea fidla ya taarabu ya Unguja, inayomjibu na kumpamba mwimbaji, hapa ataikuta ikibeba dansi nzima yenyewe.

Nina dukuduku moja. Arnold Shultz, mwanamuziki Mweusi aliyepiga fidla kwenye dansi huku Monroe kijana akimfuata kwa gitaa, alifariki 1931, naye bila kurekodiwa. Monroe alimtaja waziwazi kuwa mmoja wa waliomfunza, na bluzi iliyomo katika muziki wake inamdai Shultz. Lakini albamu ya Shultz hakuitengeneza. Naipenda hii ya Pen kiasi kwamba kukosekana kwa ile ya pili kunaniuma. Baker alikaa na Monroe hadi 1984. Muda ulikuwepo, na mpiga fidla alikuwepo.