Siku Niliyokwenda Kumwona Zinjanthropus

Nimefundisha historia katika shule za msingi za Dodoma kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo nimewasimulia watoto habari za Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, kwa ujasiri wa mtu aliyewahi kunywa naye chai. Wanafunzi wangu wanajua kwamba fuvu lake lilipatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959, kwamba aliyeliona kwanza ni Mary Leakey wakati mumewe akiugua kambini, kwamba umri wake ni kama miaka milioni moja na robo tatu, na kwamba mfupa wa juu ya macho yake ulitokeza mbele kama kibaraza cha nyumba. Wasichokijua ni kwamba mwalimu wao hakuwa amelitia machoni fuvu lenyewe hata siku moja, ingawa liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ambako siku hizi treni ya umeme inakufikisha kabla hujamaliza usingizi ulioanza nao Dodoma.

Kwa hiyo binti wa kaka yangu, anayesoma mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliponialika nikamwone, nilipata sababu mbili za safari kwa nauli moja. Mama yake alinikabidhi kapu la zabibu, kwa kuwa sisi watu wa Dodoma bahari hatuna lakini zabibu tunazo, nami nikavaa suti yangu ya mahafali na miwani yangu ya kuonea mbali. Tafadhali usiisahau miwani hiyo. Bila yake, mtu aliye hatua kumi kutoka nilipo simjui kama ni mkwe wangu au ni mlingoti wa bendera.

Binti alinipokea vizuri sana. "Shikamoo, baba mdogo," akasema, akapokea kapu, akaanza kunitembeza chuoni. Kwa bahati mbaya mwalimu hawezi kutembezwa akanyamaza. Nilimweleza kwamba chuo kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, tena hakikuwa huku kilimani bali katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kwamba kilihamia Mlimani mwaka 1964 na kuwa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970. Binti alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni anayekuelekeza chooni ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Tulipofika karibu na Ukumbi wa Nkrumah nikaomba tupumzike kwenye kimbweta, maana ndivyo wanavyoziita zile meza na viti vya zege vilivyo chini ya miti, ambako wanafunzi hupiga msuli mitihani inapokaribia. Nilikuwa na shughuli yangu ya siri hapo. Ndani ya pochi yangu nimehifadhi noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010, ile iliyokuja kuondolewa mikononi mwa watu na sarafu, na upande wake mmoja una picha ya ukumbi huo huo. Nilitaka kulinganisha jengo na noti, mstari kwa mstari. Mtu asiyeona mbali huvua miwani anapotaka kuchungulia kitu cha karibu, nami nikaivua, nikaiweka juu ya zabibu ndani ya kapu, nikaisogeza noti hadi ikakaribia kugusa pua.

Tumbili wa Mlimani wamekwisha kuwa wakazi. Wana mwendo wa wanafunzi wa mwaka wa tatu: hawakimbii, hawaombi radhi, na wanajua chakula kiko wapi. Nilisikia binti akisema "Baba mdogo!" kwa sauti ya onyo, nikadhani anastaajabia noti. Nilipoinua kichwa, kitu cha kijivu kilikuwa kinapanda mti kikiwa na kishada kizima cha zabibu, na mkono wa miwani yangu ukiwa umenasa kwenye kikonyo. Binti ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, maana mimi sikuona kitu zaidi ya majani. Tumbili alikula zabibu moja moja bila haraka, akaifikia miwani, akakilamba kioo kimoja, akaona hakina utamu, akaitia kwapani na kuhamia mti wa pili. Nilimkemea kwa sauti ninayoitumia kwa darasa la saba. Wanafunzi watatu waliokuwa kwenye kimbweta cha jirani walifunga madaftari yao wakakaa vizuri, lakini tumbili hakujali.

Binti alikuwa na jaribio saa saba, akanisihi nimsubiri, kwa kuwa mtu hawezi kuzunguka Dar es Salaam bila macho. Nikamjibu kwamba mji huu niliutembea kabla yeye hajazaliwa. Sikumweleza kwamba niliutembea siku moja tu, mwaka 1996, nikiwa ndani ya lori la kwaya. Alipoona sishikiki, akanielekeza neno kwa neno: nifike Mwenge, nipande gari la Posta, nishuke Posta, kisha niulize Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert.

Nilifika Mwenge salama. Vibao vya daladala sikuweza kuvisoma, na rangi za mistari zote zilikuwa zimechanganyika kama kanga zilizoanikwa, hivyo nikategemea masikio. Hapo ndipo nilipomsikia kondakta akiita kwa nguvu zake zote, "Makumbusho! Makumbusho!" Nikajiuliza kwa nini niende Posta nikaanze kuuliza watu njia, ilhali kuna gari linalokwenda Makumbusho moja kwa moja. Nikapanda, nikalipa, na baada ya muda mfupi sana nikashushwa pamoja na wenzangu wote, nikisikitika kwamba binti wa kaka yangu, pamoja na elimu yake yote, hajaijua njia hii ya mkato.

Mkazi wa Dar es Salaam atakuwa amekwisha kucheka. Kwa wasio wakazi, Makumbusho ni jina la kituo cha daladala kule Kijitonyama, na Makumbusho ya Taifa iko mbali na hapo, katikati ya mji, karibu na bahari. Mimi sikulijua hilo. Nilisikia harufu ya samaki wa kukaanga nikaamini kwamba bahari iko nyuma ya ukuta. Kisha, katikati ya ukungu wangu, nikaona umbo la mtu aliyesimama kimya, kaelekeza mbele kitu kirefu chembamba, nikatambua mara moja kwamba hiyo ni Sanamu ya Askari, ile ya shaba iliyozinduliwa mwaka 1927, iliyoelekeza bunduki yake bandarini. Nikaisogelea kwa heshima. Nikatoa simu, nikapiga picha mbili, ya tatu nikainama ili niipate kutokea chini.

"Baba," sanamu ikasema, "unanunua au unapiga picha tu?"

Alikuwa mchuuzi wa mafagio ya buibui. Kwa aibu nililonunua lilikuwa refu kuliko yote.

Nikiwa na fagio begani nilianza kuuliza Makumbusho iko wapi, na kila niliyemuuliza alinijibu kwamba niko hapo hapo. Niliuliza watu wanne. Wa tano, kijana wa bodaboda, akanitazama suti, akatazama fagio, akasema, "Mzee, labda unatafuta Kijiji cha Makumbusho," akanionyesha upande wa kwenda. Nikalipa kiingilio nikaingia, na mbele yangu likajitokeza jambo kubwa la mviringo, la rangi ya kahawia, lenye tundu jeusi katikati. Nikavua kofia. Nikajisemea kwamba angalau serikali imemjengea Zinjanthropus sanamu inayolingana na hadhi yake. Nilipofika karibu kiasi cha kuligusa, lilikuwa nyumba ya msonge ya Wahaya.

Kijiji cha Makumbusho, kwa kweli, ni mahali pazuri: ni kiwanja cha nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania, zimejengwa kwa miti, udongo na nyasi kama zilivyokuwa. Nikajiunga na msafara wa wanafunzi wa shule ya msingi, nikamuuliza mwongozaji taratibu Zinjanthropus anakaa nyumba ipi. Akanijibu bila kucheka, Mungu ambariki, kwamba huyo yuko mjini, na kwamba kwa saa ile sitawahi. Kisha akatuongoza hadi kwenye nyumba ndefu ya udongo, yenye paa la bapa.

"Hii inaitwa tembe," akasema. "Ni nyumba ya Wagogo, watu wa Dodoma."

Mimi nimezaliwa ndani ya tembe. Nimelala na ndama upande wa pili wa ukuta, na nimepigwa kwa kukimbia juu ya paa ambako bibi alikuwa ameanika mtama. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita 400 na kulipa kiingilio ili nionyeshwe nyumba ya bibi yangu. Nikaona bora ninyamaze.

"Wagogo husalimiana hivi: mbukwenyi," mwongozaji akaendelea. "Haya, wote! Na wewe babu mwenye fagio."

"Mbukwenyi," nikasema.

"Si mbaya, babu. Ukijitahidi kidogo utaipata."

Hilo sikulivumilia. Niliwaita watoto wanifuate ndani niwaonyeshe ng'ombe walilala wapi na jiko lilikaa wapi, nikaingia kwa mwendo wa mwenye nyumba, kifua mbele. Mlango wa tembe ni mfupi. Bibi alitupigia kelele za "inama!" utoto wetu mzima, nasi tuliinama hata usingizini, lakini siku hiyo boriti ya juu ya mlango ilinipokea katikati ya nyusi kwa kishindo ambacho watoto wa mstari wa nyuma walikisikia. Fagio lilibaki limekwama mlangoni kwa upana, na mimi nikiwa nimekaa chini upande wa ndani. Mtoto mmoja akamuuliza mwalimu wake kama hiyo nayo ni mila ya Wagogo.

Nilirudi Mlimani jioni. Binti alikuwa amekaa kwenye kimbweta kile kile na miwani yangu mkononi. Tumbili aliichoka akaiangusha, na kioo kimoja kilikuwa bado kizima. Akanitazama paji la uso kwa muda, akatazama fagio, kisha akaniuliza kwa adabu ile ile kama nilifanikiwa kumwona Zinjanthropus. Nilivaa miwani, nikafumba jicho la upande usio na kioo, naye akanishikia simu yake upande wa kamera nijitazame. Uvimbe ulikuwa umeanzia nyusi ya kulia hadi ya kushoto, umetokeza mbele kama kibaraza.

Nikamjibu kwamba nimemwona.