Haijarudiwa rangi

Madalali wa magari Dar es Salaam wana sentensi moja wanayoitamka kwa majivuno kuliko zote: "Hii haijarudiwa rangi." Mnunuzi akiisikia haangaiki tena kugonga milango kwa kucha akitafuta puti, ile lipu ya kuziba bodi iliyobonyea, anauliza bei. Wao wanamaanisha gari halijawahi kugongwa. Mimi sentensi hiyo nimeibeba mpaka Detroit, mji wa viwanda vya magari Marekani, kwa sababu inaeleza vizuri kwa nini nayapenda magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, yale ya injini kubwa za V8, yaani za silinda nane, zilizopachikwa kwenye magari ya watu wa kawaida. Na nayapenda zaidi yakiwa hayajaguswa.

Chukua Dodge Challenger R/T SE nyeusi ya 1970 inayojulikana kama Black Ghost. Godfrey Qualls, askari polisi wa Detroit, aliinunua ikiwa mpya: injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426, yaani lita 7, kabureta mbili, nguvu farasi 425 kwa hesabu ya kiwanda, gia nne za mkono, na paa la vinaili lililotengenezwa lifanane na ngozi ya mamba. Usiku alikuwa akitokea kwenye mashindano ya barabarani, anashinda, kisha gari halionekani tena kwa muda mrefu. Ndiyo maana likaitwa mzimu. Alipofariki mwaka 2015 likabaki kwa mwanawe. Mwaka 2020 likaingizwa katika rejista ya taifa ya magari ya kihistoria ya Marekani, ambayo kumbukumbu zake hutunzwa Maktaba ya Bunge. Mwaka 2023 lilipigwa mnada Indianapolis, na ukijumlisha ada, bei ilivuka dola milioni 1.

Bei si kitu kwangu. Kinachonigusa ni kwamba mtu huyu alikaa na gari hilo zaidi ya miaka 40 na hakulipeleka kupigwa rangi upya. Ni rahisi sana kulipeleka. Kila fundi anayepita atakwambia likipigwa rangi litapendeza.

Na kweli litapendeza, hapo ndipo penye tatizo. Mafundi wa leo wanaokarabati magari haya wana uvumilivu na vifaa ambavyo kiwanda hakikuwa navyo. Wanapanga milango mpaka mianya yote inalingana, wanasugua rangi mpaka unajiona kama kwenye kioo. Kiwanda cha 1970 hakikutoa gari la namna hiyo. Challenger nyingi za mwaka huo ziliunganishwa Hamtramck, mji ulio ndani ya Detroit, na foleni ya magari haikumsubiri mtu. Rangi ilitoka na vinundu kama ganda la chungwa. Penye kificho ilikuwa nyembamba, pengine ikachuruzika. Wafanyakazi waliacha alama za brashi na chaki kuonyesha kwamba sehemu fulani imekaguliwa, na karatasi ya maelekezo ya kuunganisha gari mara nyingi iliachwa imesukumiwa kwenye springi za kiti. Kiwanda hicho kilifungwa 1980 na baadaye kikabomolewa. Alama zile ni maandishi ya mikono ya watu, na msasa mmoja wa nusu saa unazifuta zote. Wapo mafundi wanaozichora upya kwa kufuata picha. Nawaheshimu kwa bidii yao, lakini aliyekaza boliti kiwandani siye huyu aliyechora alama yake.

Magari yaliyosalimika ni machache kwa sababu hakuna aliyeyanunua ayahifadhi. Vijana waliyanunua wakimbie. Bima ikapanda, sheria za moshi zikabana, mafuta yakapanda bei mwaka 1973, na gari lililokuwa fahari ya mtaa likauzwa kwa bei ya kutupa. Injini iliyochoka ilitolewa, ikawekwa yoyote iliyopatikana. Ndiyo maana leo wajuzi huinama na tochi kusoma namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, waone kama inakubaliana na ya gari.

Sisemi gari la asili ni tamu kuliendesha. Ukilivalisha tairi za aina ile ya zamani linafuata mikwaruzo ya lami, na breki za dramu zikishapata moto zinakuomba uanze kufikiria mapema. Mipira ya breki na mabomba ya mafuta yaliyozeeka yabadilishwe, hilo halina mjadala. Uasilia usiue mtu. Gari lililoliwa na kutu mpaka chini nalo likarabatiwe, na aliyelikarabati apewe sifa yake. Ninaowasihi ni wale wenye gari ambalo rangi yake imefifia tu.

Nasema hivi kwa uchungu. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504 ya rangi ya maziwa. Ubavuni, chini ya mpini wa mlango wa dereva, palikuwa pamekwanguka kwa pete yake. Kila siku kwa miaka kumi na nane mkono ule ule. Baada ya msiba, mimi kwa mapenzi nikalipeleka gereji lipigwe rangi. Fundi alifanya kazi safi kabisa. Nilipofika kulichukua nilizunguka upande wa dereva, nikapapasa chini ya mpini, nikakuta pamelainika.

Mwaka jana nilifunua kapeti ya buti kutafuta kinakovuja maji. Chini kabisa, nyuma ya tairi la akiba, kuna sehemu ya ukubwa wa kiganja ambayo bomba la rangi halikuifikia. Rangi yake ni ile ya kwanza, imepauka kidogo. Fundi akaniambia, "Hapa mwanangu tuguse kidogo, kutu itaingia." Nikamwomba apake nta tu.