Historia ya sanaa isomwe penye udongo

Wanafunzi wengi wa sanaa huweka historia kwenye daftari la mtihani, na karakana ndiyo wanaiita kazi yenyewe. Kwa maoni yangu, huko ni kulipa ada kamili na kuchukua nusu ya somo.

Pale kwenye shule ya sanaa ya Makerere, chuo kikuu kilichoko Kampala, mvutano huu ni wa siku nyingi. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha huko 1937, aliwakinga wanafunzi wake na mifano ya Ulaya: aliwasimulia tukio, nao wakachora walichokiona akilini. Cecil Todd aliposhika shule hiyo 1958, aliingiza historia ya sanaa ya dunia na nadharia ya rangi. Nasimama na Todd, kwa sharti moja: historia ianze na kitu unachoweza kukifikia kwa boda.

Chukua Sanamu ya Uhuru katikati ya Kampala, kazi ya zege ya Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Makerere. Iliwekwa 1962. Nenda saa mbili asubuhi jua likiwa la upande. Saa sita mchana jua la utosini huua vivuli na umbo huonekana bapa. Beba mkaa wa kuchorea na karatasi nne. Kila upande upewe dakika kumi, mstari wa nje tu, bila macho wala vidole. Kisha jiulize uzito unashukia wapi, maana mtoto yuko juu kabisa na mama amenyoosha mikono kumwinua.

Rudi karakanani ulifinyange umbo hilo kwa udongo, kimo cha sentimita 25. Hapo ndipo somo linapokolea. Mikono italegea, na mwanafunzi mwerevu atatia waya ndani. Asifanye hivyo kama kazi itachomwa: udongo husinyaa ukikauka, waya hausinyai, kwa hiyo mkono hupasuka hata kabla ya moto. Tumia vijiti vya kuegemeza kwa nje, uviondoe udongo ukishakuwa mgumu kiasi. Komba ndani hadi unene usizidi sentimita 2, toboa tundu chini, funika kwa nailoni ikauke polepole. Msimu wa mvua wiki mbili si nyingi. Kwenye tanuri, kaa chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa. Maji yaliyobaki yakigeuka mvuke ghafla, sanamu hulipuka na kuharibu kazi za wenzako (nao hawasahau). Karibu na nyuzi 573 punguza mwendo tena, kwa sababu chembe za kwatzi (madini ya mchanga yaliyomo kwenye udongo) hutanuka kwa ghafla. Malizia kama nyuzi 950.

Aliyepita hapo haulizi tena kwa nini mchongaji alichagua zege. Zege huvumilia kugandamizwa lakini si kuvutwa, ndiyo maana hutiwa nondo za chuma. Na nondo na zege hutanuka kwa joto karibu sawasawa, kwa hiyo havigombani kama waya na udongo.

Insha ya historia kuhusu sanamu hiyo nayo ifuate mpangilio huohuo: umbo kwanza, maana baadaye. Kosa ninaloliona zaidi ni sentensi ya kwanza kutangaza kwamba mama ni Uganda na mtoto ni taifa changa. Huenda ni kweli, lakini aliyeandika hivyo hajahitaji kuitazama sanamu. Ukurasa wa kwanza uwe wa kimo, mikunjo, vivuli na uzito. Uhuru uingie ukurasa wa pili.